Jinsi ya Kufungua Kapsuli ya Gemini: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kurasa Zisizo na Matangazo wala Ufuatiliaji

Mwaka 1991 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wakiongozwa na Mark McCahill, walitoa mfumo ulioitwa Gopher, uliomwezesha mtu kupekua nyaraka za vyuo na maktaba za mbali kwa kufuata orodha za maandishi matupu. Kwa muda ulikuwa na watumiaji wengi kuliko wavuti tunayoifahamu leo. Mwaka 1993 chuo hicho kikatangaza kwamba kingetoza ada kwa baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva, na tarehe 30 Aprili mwaka huohuo taasisi ya CERN ya Geneva ikaiachia wavuti kwa umma bila malipo ya aina yoyote, watu wakahama kwa makundi. Hata hivyo Gopher haikufa. Wachache waliendelea kuitunza, na mmoja wao, anayejulikana kwa jina la kubuni la Solderpunk, akaanzisha mwezi Juni 2019 itifaki mpya (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) iitwayo Gemini, ambayo ndiyo mada ya mwongozo huu.

Gemini ni njia ya kusambaza maandishi na viungo, na karibu hakuna kingine. Kivinjari hutuma anwani moja isiyozidi baiti 1024, seva hujibu kwa mstari mmoja wa maelezo ukifuatwa na maandishi yenyewe, kisha muunganiko unafungwa. Hakuna vidakuzi, hakuna hati za programu zinazoendeshwa kwenye kifaa cha msomaji, wala ukurasa hauwezi kuita picha au tangazo kutoka seva nyingine bila msomaji kubofya mwenyewe. Mawasiliano yote hupita ndani ya usimbaji wa TLS, unaozuia wengine kuyasoma njiani, jambo ambalo Gopher haikuwa nalo. Jina limetokana na mradi wa NASA uliokuwa kati ya Mercury na Apollo, kwa kuwa itifaki hii inakaa kati ya Gopher na wavuti, na poti yake (mlango ambao seva hupokelea maombi) namba 1965 inakumbusha mwaka ambao chombo cha kwanza cha mradi huo kilirushwa kikiwa na watu. Kwa sababu hiyohiyo tovuti ya Gemini huitwa kapsuli.

Zipo njia nyingine za kuihama intaneti ya kibiashara. Neocities, iliyoanzishwa mwaka 2013, inampa mtu nafasi ya kutengeneza tovuti ya mkono kama zile za GeoCities ambazo Yahoo ilizifunga mwaka 2009, na Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, inawafaa wanaotaka mazungumzo. Nimeichagua Gemini kwa sababu mtu mmoja asiye mtaalamu anaweza kuielewa yote, kuanzia faili hadi seva, bila kutegemea kampuni ya kati.

Jambo moja nalisisitiza mapema. Miongozo mingi huanza na seva, na matokeo yake ni seva inayoendeshwa vizuri isiyo na ukurasa wa kusoma. Mpangilio ninaoupendekeza ni kinyume chake: soma kwanza, andika, hifadhi kurasa zako kwenye seva ya wengine, na mwisho kabisa, ukiona bado una hamu, miliki seva yako.

Hatua ya kwanza: kusoma

Pakua kivinjari cha Gemini. Kinachofaa wengi ni Lagrange, kilichotengenezwa na Jaakko Keränen, ambacho kinapatikana kwa Windows, macOS na Linux, na kina matoleo ya Android na iOS. Anayependa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, atumie Amfora. Baada ya kukisakinisha, andika anwani hii kwenye upau wake:

```
gemini://geminiprotocol.net/
```

Huo ndio ukurasa wa mradi wenyewe, na una maelezo rasmi ya itifaki, ambayo ni mafupi kiasi cha kusomwa kwa kikao kimoja. Kutoka hapo fuata viungo. Ukitaka kutafuta jambo mahususi ipo mitambo ya utafutaji ya ndani ya Gemini kama Kennedy, lakini nashauri uanze kwa kurandaranda, kwa kuwa ndivyo utakavyojua watu wa huko wanaandika nini: shajara, maelezo ya redio za mawimbi mafupi, mapishi, hoja ndefu kuhusu programu huria, na malalamiko ya hali ya hewa. Lugha inayotawala ni Kiingereza. Usikate tamaa kwa hilo, kwa sababu nitaeleza chini namna ya kuitangaza kapsuli yako kuwa ya Kiswahili.

Utakapofungua kapsuli kwa mara ya kwanza, kivinjari kitahifadhi cheti cha seva yake, yaani faili inayoitambulisha, na kila ukirudi kitalinganisha cheti kipya na kile cha zamani. Utaratibu huu wa kuamini mara ya kwanza na kukagua baadaye unaondoa ulazima wa mamlaka ya kutoa vyeti, ingawa unakuachia wewe jukumu la kufikiri pale kivinjari kitakapokuonya kwamba cheti kimebadilika.

Kwa anayehesabu bando, ukurasa wa maneno 2000 ya Kiswahili haufiki kilobaiti 20. Herufi zetu zote ni za Kilatini zisizo na viashiria juu wala chini, hata ng' inahitaji apostrofi tu, kwa hiyo kila herufi inachukua baiti moja. Gharama iliyobaki ni kilobaiti chache za kupeana vyeti kila unapofungua ukurasa.

Hatua ya pili: kuandika

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu. Faili za Gemini huishia na `.gmi` na huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi matupu. Kivinjari hukagua mwanzo wa kila mstari ili kujua ni wa aina gani. Alama ya `#` ni kichwa cha habari, na unaweza kutumia moja, mbili au tatu kulingana na ngazi. Alama ya `*` ikifuatwa na nafasi ni kipengele cha orodha, `>` ni nukuu, na `=>` ni kiungo. Mstari wa alama tatu za kinukta mgeuzo (```) hufungua au kufunga maandishi yanayopaswa kuonyeshwa kama yalivyo, kwa mfano jedwali au amri za kompyuta. Mstari mwingine wowote ni aya.

Sheria inayowasumbua wageni ni kwamba aya nzima ni mstari mmoja, hata iwe na maneno 200. Usibonyeze Enter katikati ili maandishi yaonekane mazuri kwenye skrini yako, kwani kivinjari cha msomaji ndicho kinachokunja mistari kulingana na upana wa kifaa chake, na mikato yako itaonekana kwenye simu kama meno yaliyong'oka.

Ukurasa wa mbele huitwa `index.gmi`. Mfano wake ni huu:

```
# Daftari la Bustani

Humu naandika ninayoyaona shambani, msimu kwa msimu.

## Maandiko

=> mchicha.gmi 2025-03-09 Mchicha wa kiangazi
=> viwavi.gmi 2025-02-16 Viwavi kwenye mahindi

## Mengineyo

=> kuhusu.gmi Kuhusu mwandishi
```

Tazama tarehe zilizotangulia vichwa vya maandiko. Si mapambo. Kiungo ambacho maelezo yake yanaanza na tarehe ya mtindo wa mwaka, mwezi na siku hutambuliwa na vivinjari kama habari mpya, kwa hiyo mtu akijiandikisha kwenye ukurasa huo kwa Lagrange ataarifiwa kila ukiongeza andiko, bila wewe kutengeneza faili nyingine ya mlisho.

Kiungo hakiwezi kukaa ndani ya sentensi. Lazima kiwe na mstari wake. Mwanzoni utaona ni adha, kisha utagundua kwamba sentensi zako zinalazimika kujitegemea, maana huwezi tena kuandika "bofya hapa" na kumwachia msomaji atafute maana kwingine. Weka viungo mwishoni mwa aya au mwishoni mwa andiko, na maelezo ya kila kiungo yaseme wazi kinaelekea wapi.

Kwa washairi lipo angalizo. Mshororo wa shairi la arudhi, wenye ukwapi na utao, uandike kwenye mstari wake wa kawaida, ukiacha mstari mtupu baina ya beti. Usiufungie ndani ya zile alama tatu ukidhani unaulinda, kwa sababu maandishi yaliyofungiwa humo hayakunjwi, na msomaji wa simu atalazimika kusukuma skrini kando ili afike kwenye kina cha mwisho. Picha nazo zinawezekana, ila kama kiungo cha faili ambacho msomaji anaamua mwenyewe kukifungua.

Andika kurasa tatu au nne kabla ya kwenda hatua inayofuata, na zihifadhi kwenye folda moja ya kifaa chako. Folda hiyo ndiyo kapsuli halisi. Seva zitabadilika, ila nakala ya asili ibaki mikononi mwako.

Hatua ya tatu: kukaa kwa mwenyeji

Tangu zamani wapo watu wanaoendesha kompyuta za Unix na kuwagawia wengine akaunti. SDF, mojawapo ya jumuiya hizo, imekuwa ikifanya hivyo tangu 1987. Mwaka 2014 Paul Ford wa Marekani alifungua tilde.club karibu kwa mzaha, maombi yakamzidi, na seva nyingine za mtindo huohuo zikazaliwa kila mahali, baadhi zikiungana katika ushirika uitwao tildeverse. Baadhi ya seva hizi hutoa nafasi ya Gemini, kwa kawaida kupitia folda iitwayo `public_gemini` ndani ya akaunti yako. Hakuna malipo, ingawa michango hupokelewa, na maombi hupitiwa na binadamu anayetaka kujua wewe ni nani na unakusudia kufanya nini. Jieleze kwa sentensi mbili tatu za kweli.

Utahitaji ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Mwenye kompyuta afungue terminali. Mwenye simu ya Android tu anaweza kusakinisha Termux na kuandika `pkg install openssh`, kisha kuendelea sawa na wengine:

```
ssh-keygen -t ed25519
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Amri ya kwanza hutengeneza faili mbili. Ile yenye `.pub` ndiyo unayomtumia mwenyeji. Nyingine ni siri yako, na haitumwi kwa mtu yeyote, hata anayedai kuwa ndiye msimamizi wa seva. Ukishapewa akaunti, pakia folda yako:

```
rsync -av kapsuli/ jina@seva.example:public_gemini/
```

Badilisha jina na seva kulingana na ulipokubaliwa, na kama `rsync` haipo kwenye kifaa chako isakinishe kwanza. Anwani yako itakuwa na alama ya `~` ikifuatwa na jina la akaunti. Wengi hawahitaji kwenda mbele ya hapa, na mimi nisingemsukuma mtu aende. Dosari iliyopo ni kwamba anwani si yako: mwenyeji akichoka na kuzima seva, viungo vyote ambavyo wengine wamekuwekea vinakatika.

Hatua ya nne: seva yako mwenyewe

Swali la kwanza ni mahali. Wazo la kuweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi nyumbani linavutia, lakini kwa wengi wa Afrika Mashariki wanaotumia ruta ya laini ya simu halifanyi kazi kirahisi, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya umma, na ombi linalotoka nje halina njia ya kuifikia nyumba yako hata ukifungua poti kwenye ruta. Ongeza umeme unaokatika. Mwenye intaneti ya faiba aulize kama anaweza kupewa anwani ya umma isiyobadilika. Wengine wakodi seva ndogo kabisa kwa mwezi, ile ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu kapsuli haitumii kumbukumbu yoyote ya kutisha.

Swali la pili ni kikoa. Sajili jina, liwe la `.tz`, `.ke` au jingine, na uweke rekodi ya A inayoelekeza kwenye anwani ya IP ya seva. Hii ndiyo gharama pekee ambayo nisingeibana, maana jina ndilo litakaloziweka kurasa zako mahali pamoja utakapohama kutoka seva moja kwenda nyingine.

Programu za seva ni nyingi: Molly Brown ya Solderpunk mwenyewe, gmid, Jetforce, na Agate. Nitatumia Agate kwa kuwa haina faili ya usanidi na hujitengenezea cheti. Pakua faili yake iliyokwisha kuundwa kutoka ukurasa wa mradi, uiweke kwenye `/usr/local/bin`, kisha tayarisha mtumiaji asiye na madaraka na folda mbili:

```
sudo useradd -r -s /usr/sbin/nologin gemini
sudo mkdir -p /srv/gemini/maudhui /srv/gemini/vyeti
sudo chown $USER /srv/gemini/maudhui
sudo chown gemini /srv/gemini/vyeti
```

Mgawanyo huu wa umiliki una sababu. Wewe unaandika maudhui, seva inaandika vyeti tu, na hata programu ikidukuliwa haitaweza kubadilisha maandiko yako. Sasa unda faili `/etc/systemd/system/agate.service`:

```
[Unit]
Description=Kapsuli ya Gemini
After=network.target

[Service]
User=gemini
ExecStart=/usr/local/bin/agate --content /srv/gemini/maudhui --certs /srv/gemini/vyeti --hostname daftari.example --lang sw
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Weka kikoa chako badala ya `daftari.example`. Neno `--lang sw` ndilo linaloitangaza kapsuli kuwa ya Kiswahili, ili programu zinazosoma maandishi kwa sauti na mitambo ya utafutaji zijue lugha ya ukurasa bila kubahatisha. Agate pia hairekodi anwani za IP za wasomaji isipokuwa uiamuru, na sioni sababu ya kuiamuru. Washa seva na ufungue poti, ambayo seva inaweza kuitumia bila madaraka ya msimamizi mkuu kwa kuwa iko juu ya 1024:

```
sudo systemctl enable --now agate
sudo ufw allow 1965/tcp
```

Pakia kurasa zako kwa `rsync` kama ulivyofanya kwa mwenyeji, kisha jaribu kutoka kifaa kingine:

```
printf 'gemini://daftari.example/\r\n' | openssl s_client -quiet -connect daftari.example:1965
```

Baada ya mistari kadhaa ya vyeti, pamoja na onyo kwamba cheti kimejitia saini chenyewe, onyo ambalo hapa si tatizo, unapaswa kuona mstari unaoanza na `20 text/gemini` na chini yake ukurasa wako. Ukipata 51, faili ya `index.gmi` haipo mahali pake. Ukipata 53, jina ulilompa Agate halilingani na anwani unayoiita. Terminali ikinyamaza tu mpaka muda uishe, chunguza ukuta wa moto, ukikumbuka kwamba kampuni nyingi za kukodisha seva zina ukuta wao wa pili kwenye paneli ya mteja.

Kisha, siku hiyohiyo, nakili folda ya vyeti na uitunze nje ya seva. Wasomaji wanaikumbuka kapsuli yako kwa cheti chake. Ukikipoteza na seva ikatengeneza kipya, kila mmoja wao ataonywa kwamba huenda ametekwa na tapeli, na hawatakuwa na njia ya kujua ukweli.

Hatua ya tano: kuishi na mipaka yake

Daniel Stenberg, muundaji wa curl, programu ya kupakua na kutuma data mtandaoni, aliikosoa itifaki hii hadharani mwaka 2023, na hoja zake ni nzito. Jibu la Gemini halitaji ukubwa wa faili, na hakuna namna ya kuendelea kupakua pale mtandao ulipokatikia. Kwa mtandao unaosuasua hii ina maana kwamba faili ya sauti ya megabaiti 40 inaweza kuanza upya mara nyingi bila kumalizika. Kwa hiyo gawa maandiko marefu kuwa sura, na faili kubwa uziweke kwenye wavuti ya kawaida ukiacha kiungo tu. Usitarajie maduka, fomu wala video. Itifaki inaruhusu seva kuomba mstari mmoja wa maneno kutoka kwa msomaji, na hapo ndipo ukomo wake ulipo.

Kuhusu kusomwa, hakuna kanuni ya kompyuta itakayokusukuma mbele ya watu. Vipo vijumlishi vinavyoonyesha maandiko mapya ya kapsuli mbalimbali, ambavyo unaviomba mwenyewe vikuorodheshe. Njia iliyo bora zaidi ni kusoma wengine na kuwajibu kwenye kapsuli yako, ukiweka kiungo cha andiko lao na kuwaarifu kwa barua pepe. Weka barua pepe ya kazi hiyo kwenye `kuhusu.gmi`, tofauti na ile ya benki na ndugu. Iwapo wasomaji wako wakuu ni watu wa nyumbani wasiokuwa na kivinjari cha Gemini, toa nakala ya wavuti ya kurasa zilezile. Wapenzi wa itifaki wachache watanuna, lakini kuandika Kiswahili mahali ambapo Waswahili hawafiki ni hasara isiyo na faida.

Udogo pia hauondoi sheria. Tanzania ilitunga Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018 na kuzitunga upya mwaka 2020, zikihitaji leseni kwa baadhi ya huduma za maudhui, na anayechapisha habari au mambo ya siasa azisome kabla ya kuchapisha, bila kudhani kwamba itifaki isiyojulikana na wengi iko nje ya macho ya mamlaka.

Lililobaki ni matunzo. Ukurasa ukiuondoa au kuuhamisha, usimwachie msomaji kosa la 51. Ndani ya folda ya maudhui unda faili iitwayo `.meta`, ambamo unaweza kueleza hali ya kila faili na hata kutaja lugha nyingine kwa kurasa chache zisizo za Kiswahili:

```
viwavi.gmi: 52 Andiko hili limeondolewa na mwandishi.
mchicha.gmi: 31 /mboga/mchicha.gmi
kiingereza.gmi: ;lang=en
```

Msimbo wa 52 unasema kitu hakipo tena wala hakitarudi, na vijumlishi vinavyofuata maelezo rasmi vitaacha kukiulizia. Ule wa 31 unasema kimehama kwa kudumu, na kivinjari kitamfikisha msomaji kwenye anwani mpya.